Mwaka wa Kulala Misibani

Mama Devota tumemzika juzi kule Nyarubungo, nami nimerudi kwangu Murukulazo, Ngara, na mafua na hasira. Mafua niliyapata makaburini, maana mvua ilitunyeshea tangu padri anaanza hadi chepe la mwisho la udongo. Hasira ni ya yule kijana waliyemweka mezani kuandika majina ya waliotoka mbali. Alinisalimu kwa adabu zote, shikamoo bibi, tukuandike nani wa marehemu? Ndugu? Nikasema hapana. Jirani? Nikamwambia natoka Ngara, ujirani utatoka wapi. Akatazama foleni iliyokuwa nyuma yangu, akaandika "rafiki wa familia", akaniambia asante bibi, pita ndani ukapate chai. Maneno hayo yamenikwama kooni tangu siku ile. Kijana hana kosa, hata mama yake hakuwa ameolewa wakati ninaousema. Lakini nimeona nieleze mwaka ule mmoja, niuseme wote, na mabaya yangu nisiyafiche. Habari za nani alinizaa na tulikuwa wangapi nyumbani nitaziacha, hazina kazi hapa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nakaa Nyarubungo kwa mwanamke anayeitwa Ma Koleta, mfanyabiashara wa dagaa. Hatukuwa na undugu. Alinichukua Ngara nimsaidie kazi, akanipa chumba cha nyuma, nikawa nakula alichokula. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, na magunia ya dagaa yaliyopangwa mpaka karibu na bati, kwa hiyo mwili wangu ulinuka ziwa ambalo nilikuwa sijawahi kuliona. Ukuta kati yangu na sebule ulikuwa wa matofali mabichi na haukufika juu. Kila kilichosemwa sebuleni nilikisikia, hata cha kunong'ona. Jioni tulikula ugali wa muhogo na dagaa wale waliovunjikavunjika ambao wateja waliwakataa, na Ma Koleta akila alipenda kuongea, na akiongea alipenda kunisema. Wakati huo nilikuwa mtu wa kulala. Alfajiri ilibidi agonge ndoo kwa mwiko ndiyo niamke. "Leokadia," alikuwa akiniambia, "wewe ukiolewa mumeo atakuzika mzima, atadhani umeshakufa." Tulikuwa tunacheka wote.

Miaka ile ukitaka kuvuka msitu ulioko kati ya Biharamulo na Ngara, magari yalisubiriana mpaka yawe mengi, ndipo askari wenye bunduki wapande la mbele na la nyuma, msafara uondoke. Siku yetu, tukipeleka dagaa Ngara, dereva wa lori alifika msafara umeshaondoka. Alikuwa kijana mwenye haraka, akasema tutawakuta mbele, akakanyaga mafuta. Mimi na Ma Koleta tulikaa juu ya magunia pamoja na abiria wengine, na pembeni yangu alikuwa Sostenes, muuza majembe na masufuria wa palepale Nyarubungo, mume wa Mama Devota. Alikuwa mtu wa mzaha. Alinimegea nusu ya muhindi wake wa kuchoma, akaniambia nishike kamba vizuri, nikianguka yeye harudi kuniokota kwa sababu nauli ameshalipa. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Tulipokunja kona tukakuta gogo barabarani.

Risasi ya kwanza ilimpata utingo akiwa anaruka chini kwenda kulisogeza. Alikaa chini taratibu, akashika tumbo, akawa anamwita mama yake, mpaka mmoja wa majambazi akamkanyaga mdomo akanyamaza. Dereva walimvuta kwa nywele kupitia dirishani. Sisi tulishushwa kwa mateke, na aliyechelewa kushuka alirushwa. Ma Koleta alipigwa kitako cha bunduki juu ya sikio, nikasikia mfupa unavyolia, akaanguka na mdomo wake umejaa vumbi. Wakatupanga kifudifudi barabarani, mmoja akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Fumbeni macho. Atakayefumbua, nitamfumba mimi." Mwingine aliweka buti lake shingoni kwangu, akawa amesimama hapo huku anaongea na wenzake, kama mtu aliyeweka mguu kwenye jiwe. Nilisikia magunia yanapasuliwa. Nilisikia mtu anapigwa, na kila akipigwa anasema "sina kingine, sina kingine", kisha hakusema tena. Baadaye buti likaondoka shingoni. Kukawa kimya, inzi tu. Nikangoja. Nikangoja sana. Kisha nikamnong'oneza Sostenes aliyelala kando yangu, nikamwuliza, "Wameenda?"

Akasema, "Ngoja nitazame." Akainua kichwa. Ule mlio sikuusikia kama mlio, niliusikia kama kofi kwenye uso mzima, na kitu cha moto kikaniingia sikioni na kushuka shingoni. Mtu akasema kwa sauti ya kawaida, bila hata hasira, "Nilisema." Hawakuwa wameenda. Walikuwa wamekaa kivulini wanakula samaki wetu. Sikujua waliondoka saa ngapi, maana hakuna mtu kati yetu aliyefumbua macho tena hata baada ya kimya cha kweli kuja. Mchungaji wa ng'ombe aliyetokea porini ndiye aliyetuambia tuinuke. Neno langu lile moja sikumwambia mtu. Ma Koleta alikuwa amezimia, wengine walikuwa mbali, na aliyelisikia alikuwa amekufa kwa sababu yake.

Nilioga mara tatu siku hiyo. Nikala, ndiyo, nilikula, mwili hauna aibu. Kisha nikajilaza nikafumba macho, na hapo hapo buti likarudi shingoni. Nikafumbua, likaondoka. Nikafumba, likarudi. Binti yangu sasa ni muuguzi na ana maelezo yake mazuri kuhusu jambo hili, ananiambia mama, ubongo ulikuwa unakulinda, ulidhani bado uko barabarani. Sawa. Lakini wakati ule hakukuwa na mtu wa kunieleza habari za ubongo. Nilijua tu kwamba watu wote wanafanya kitu kimoja rahisi, wanafumba macho, na mimi nimenyang'anywa. Nikawa nakaa mlangoni mpaka kunakucha, mgongo ukutani, panga la kukatia kuni mapajani. Macho yakawa mekundu, yakavimba, na moshi wa jikoni ukamalizia. Ma Koleta, ambaye sikio lake lilikuwa bado linatoa usaha, alilala akikoroma chumba cha pili, na kwa kweli nilimchukia kwa kukoroma kule.

Alijitahidi lakini. Alinipa rubisi, ile pombe ya ndizi, kikombe kikubwa cha bati, akasema kunywa yote. Nilianguka kama gunia, na baada ya muda mfupi nikaamka napiga kelele, moyo unaruka, kichwa kinapasuka, ikawa mbaya kuliko mwanzo. Akanipeleka zahanati. Tabibu alikuwa mzee mwenye sauti ndogo, akanipima shinikizo la damu, akaniuliza nini kilitokea, nikamwambia kichwa kinauma. Akasema, "Usipigane na kitanda, mwanangu. Usingizi ukikataa inuka, kaa, fanya kitu kidogo, ukisikia uzito urudi. Asubuhi amka saa ileile hata kama hukulala. Chai ya rangi jioni acha. Na utafute mtu mmoja wa kumwambia." Nikatoka nimekasirika. Nilitaka sindano, yeye ananipa mawaidha. Leo najua alisema kila kitu nilichohitaji, na cha mwisho ndicho kilichonishinda, kwa sababu mtu wa kumwambia alikuwa mmoja tu, na huyo nilikuwa napinda njia kila nikimwona sokoni. Hata msiba wa Sostenes sikwenda. Nilisema naumwa tumbo.

Wakati huo mchana nilianza kuwa hatari. Siku moja ya gulio nilisinzia nimekaa nyuma ya meza ya dagaa, mama mmoja mteja akanigusa bega aniamshe. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka nimeshamkaba, mkononi nina lile kopo la kupimia, na mdomo wake umepasuka na jino liko juu ya dagaa. Ilibidi wanaume wawili wanitoe. Ma Koleta alimwomba radhi yule mama kwa magoti, kisha akanishika sikio mbele ya soko zima akaniambia, "Mara nyingine utaua mtu." Hakujua alichosema.

Kisha mzee mmoja jirani akafa, uzee tu. Tukaenda kulala msibani kama desturi inavyotaka, maana huku kwetu mfiwa haachwi peke yake, watu wanalala naye siku kadhaa mpaka matanga yaondolewe. Wanaume walikuwa nje wanaota moto. Sisi wanawake tulitandaziwa nyasi kavu na mikeka sebuleni, tukajipanga bega kwa bega, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Tulikula ndizi na maharage, moto moto, na mafuta ya mawese juu. Nikajibanza katikati nikijua nitakesha. Bibi mmoja alikuwa ameanza tenzi, wawili wakawa wanabishana kwa sauti ya chini kuhusu shamba la marehemu, mwingine anachochea moto, mwingine ananyonyesha. Nikawaza, hawa wote wako macho. Kikitokea kitu wataona wao. Mimi sihitaji kutazama. Na hilo ndilo wazo la mwisho ninalolikumbuka. Niliamka jua limeingia ndani, nyasi zimenichora shavuni, na kumbe alfajiri walikuja binti za marehemu wakalia kwa kupiga vifua, na mimi sikusikia hata kidogo. Nililia kwa furaha, na wenye msiba wakanishukuru kwa machozi yangu.

Nililala pale siku zote za matanga. Yalipoondolewa nikarudi mlangoni na panga langu. Baada ya siku chache nikasikia kuna msiba Bisibo, wa mtu nisiyemjua hata kwa jina, nikaoga, nikafunga kanga, nikaenda kwa miguu. Nikalala vizuri. Na hapo ndipo nilipoharibika. Nilianza kuuliza habari za wagonjwa. Nikimpelekea mtu dagaa nauliza, yule babu wa kule bondeni anaendeleaje, bado anapumua kwa shida? Nilikuwa nauliza kwa hamu, kama anayeulizia mzigo wake utafika lini. Nikiambiwa amepata nafuu, roho inashuka. Siwezi kulipaka rangi jambo hili. Mwaka ule niliombea watu wafe. Nilipiga magoti kanisani na kichwani nikawa nahesabu nani yuko karibu, na nikishasema amina najiona kama fisi. Lakini jioni ikifika, na mlango ukifungwa, aibu yote inakwisha, nabaki na kiu ya yale manyasi.

Watu si wajinga, wanaona. Jioni moja jirani mmoja alikuja kwa Ma Koleta, wakakaa sebuleni, nami nilikuwa chumbani nachambua dagaa. Nilisikia anasema, "Huyu binti wako wa Ngara, kila msiba yupo. Ana undugu na watu wote?" Ma Koleta akasema huruma tu, mtoto ana huruma. "Na macho yale?" Hapo Ma Koleta akapunguza sauti, na nafikiri alikuwa anatafuta ushauri, hakuwa na ubaya. "Hata mimi sielewi. Hapa kwangu usiku halali kabisa. Nikitoka kujisaidia namkuta mlangoni, macho wazi, amekaa tu." Jirani akasema, polepole, "Usiku halali. Lakini kwenye maiti analala. Analala kama mtu aliyeshiba." Mikono yangu ikasimama ndani ya ungo. Mtu wa kwetu hahitaji kumaliziwa sentensi kama hiyo. Anayezunguka usiku na kushibia misiba ana jina lake, na nilikuwa nimewahi kuona wanavyomfanya mwenye jina hilo. Ningeacha siku ile, ningekuwa na akili. Sikuacha. Nilikuwa na usiku tisa bila kulala.

Aliyekufa safari hii alikuwa mtoto, Jeni, wa darasa la kwanza, homa kali ya siku tatu. Siku ya kwanza ya homa nilipita pale na dagaa nikamwuliza mama yake, "Bado anaumwa?" Nikiwa nimesimama na macho yangu yale. Basi nikaenda msibani, nikala, nikajilaza katikati ya wanawake, nikalala. Niliamka navutwa mguu. Jua lilikuwa limeshatoka na wote walikuwa wamesimama ila mimi. Baba Jeni alinivuta juu ya nyasi, juu ya kizingiti, mpaka uani, kanga ikabaki njiani, na mpini wa jembe ukaanza. Wa kwanza ulitua mgongoni. Wa pili niliukinga kwa mkono na mkono ukavunjika, huu wa kushoto, haunyooki mpaka leo. Walikuwa vijana kama kumi, na walionipiga zaidi ni wale niliowauzia dagaa wiki nzima. Mmoja alinikanyaga shingo. Palepale. Hapo nikafumba macho mwenyewe, nikawa nimerudi barabarani, na sikujua tena niko wapi. Ma Koleta nilikuwa nimemwona kwa mara ya mwisho anakimbilia nyuma ya nyumba, na simlaumu, alikuwa na sikio moja na maisha mamoja. Nilisikia mtu anaagiza panga. Baba Jeni aliinama, mate yake yananirukia usoni, analia, anapiga kelele, "Sema umeua nani! Sema umeua nani!"

Nikasema ukweli. Ndio ulikuwa karibu mdomoni kuliko uongo wowote. Nikasema, "Nimemuua Sostenes."

Uwanja ulilipuka. Amekiri, amekiri mwenyewe, na mwenye panga akasukuma watu aje mbele. Hakufika. Mama Devota alikuwa jikoni uani anasonga ugali wa waombolezaji, na alikuja na ule mwiko mkubwa wa misiba, ugali wa moto umeganda juu yake, akampiga yule kijana kwenye kifundo cha mkono panga likaanguka. Akasimama juu yangu, mguu huku na mguu huku. Hakuwa mwanamke mkubwa. Niliona nyayo zake zimepasuka na zimejaa majivu.

"Sostenes kichwa chake nilikifunga kitambaa mimi," akasema. "Nimeliona tundu. Huyu alitumia bunduki gani? Aliifunga kwenye kanga?"

"Mama Devota, amekiri," Baba Jeni akasema. "Wote tumesikia."

"Hata mimi nimesikia. Basi nitamwuliza mimi. Aliyekufa ni mume wangu, si wenu. Wewe kamzike mtoto wako, baba, anakungoja."

Nadhani ni neno hilo la mtoto lililomvunja, maana alikaa chini palepale uani, mpini mkononi, akalia kama ng'ombe. Vijana wakabaki hawajui mikono waiweke wapi. Mama Devota akaniinua kwa mkono mzima, akanifunika kanga yake, tukatoka katikati yao. Mtu mmoja alirusha jiwe likampata yeye begani. Hakugeuka.

Nyumbani kwake kulikuwa na chumba kimoja na sebule ndogo, picha ya Bikira Maria, masufuria ya Sostenes ambayo hayakuwa yameuzwa yakiwa yamepangwa ukutani kwa ukubwa. Mtoto wake, Devota, alikuwa amepelekwa kwa shangazi yake. Alinifunga mkono kwa vipande vya mti na kitambaa, nikauma kona ya blanketi. Akanipa uji wa ulezi, akaningoja nimalize. Kisha akafunga mlango, akavuta kigoda mpaka magoti yetu yakagusana. "Haya," akasema. "Sema." Nikasema yote, muhindi, kamba, buti, inzi, na lile neno langu. Nilikuwa namtazama miguu. Nilipofika mwisho alinipiga kofi, kofi la mtu anayefanya kazi ya jembe, nikaanguka juu ya mkono uliovunjika. Akaniinua akanipiga la pili. La tatu lilikuja halina nguvu, likabaki shavuni kwangu, kiganja chake kikakaa hapo. Sikuwahi kupigwa kipigo nilichokistahili kabla ya hapo wala baada ya hapo, na nawaambia, kilikuwa chepesi kubeba kuliko vyote.

"Alijibu nini?" akaniuliza.

"Alisema, ngoja nitazame."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. "Ndivyo alivyokuwa. Mbwa akibweka, yeye ndiye wa kwanza kutoka na tochi. Nilimwambia miaka yote, Sostenes, siku moja utakuta kweli kuna mtu." Akafuta pua kwa mkono. "Wote walikuja kunipa pole. Hakuna aliyeweza kuniambia alisema nini. Nilidhani alikufa analia." Kisha akanieleza, bila kunitazama, kwamba na yeye halali tangu mazishi. Kila mbwa akibweka anakaa kitandani kumsubiri mtu wa kutoka na tochi, na hakuna anayetoka. Mchana analima akiwa amekufa nusu. Alidhani ni yeye peke yake Nyarubungo nzima. Nilimwambia kwamba mimi nalala kukiwa na mtu aliye macho, hiyo ndiyo siri yote ya misiba, hakuna uchawi. Alinisikiliza kwa makini, kama anayeelekezwa njia.

Alitandika mkeka karibu na masufuria, akanionyesha kwa kidevu. Nikamwuliza yeye je. "Mimi nipo," akasema. "Nimekaa. Mlango nauona." Bado ilikuwa mchana, kengele ya mazishi ya Jeni ilikuwa inasikika kwa mbali, na uso wangu ulikuwa umevimba mpaka jicho moja limejifunga lenyewe. Nikafumba lile la pili. Buti lilikuja, nikamsikia anakohoa, kigoda kinalia chini yake, likaondoka. Nililala mchana wote na usiku wote. Kulipokucha nilimkuta palepale, magoti palepale, macho mekundu kuliko yangu, na hakuwa amelala hata lepe moja kwa ajili ya mtu aliyemponza mumewe. Aliinuka kwa shida akashika kiuno, akanisukuma kwa mguu. "Haya, toka hapo," akasema. "Sasa ni mimi. Mbwa akibweka utaangalia wewe." Akajilaza pale nilipokuwa, kukiwa bado na joto langu, akajifunika kanga mpaka kichwani. Nikakaa kwenye kigoda, nikaulaza mkono wangu mbovu magotini, nikautazama mlango. Kabla sijakaa sawasawa alikuwa ameshaanza kukoroma.